Waliopona ni waliobaki kwenye maji ya zamani: kisa cha tangi la samaki Njiro

Jumapili moja ya mwezi wa nane, nyumbani kwa mwalimu mstaafu huko Njiro, Arusha, samaki tisa kati ya kumi na mmoja wa tangi la sebuleni walikutwa wamekufa. Wawili waliobaki walikuwa juu kabisa ya maji, midomo nje, wanahema. Jana yake mchana tangi lilibadilishwa nusu ya maji. Maji mapya yalikuwa masafi, yametulia kwenye pipa tangu Alhamisi, hayana rangi wala harufu.

Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na beseni la plastiki lenye samaki wengine wawili, wadogo kuliko wenzao. Mjukuu wa mwalimu aliwatoa ili apate nafasi ya kusugua mawe, akawasahau humo. Walilala usiku kucha bila pampu ya hewa, katika yale yale maji ya zamani yaliyonyonywa kutoka kwenye tangi, ya rangi ya chai nyepesi na yenye vipande vya majani yaliyooza. Hawa walikuwa wazima, na kidole kikisogezwa wanakuja kudai chakula.

Nimeamua kuandika kisa hiki kwa sababu ya beseni lile. Bila hilo ningekuwa na samaki waliokufa na dhana kumi. Kwa kuwa lilikuwepo, nilikuwa na jaribio zima ambalo mtoto wa kidato cha pili alilifanya bila kukusudia: samaki wa aina moja, wa nyumba moja, waliolishwa chakula kimoja, wakatenganishwa na maji tu.

Nilipoingia, mwalimu alikuwa ametoka misa ya kwanza, bado amevaa koti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi, hebu niambie, haya maji ya bomba yana sumu gani?"

Hukumu ilikuwa imeshatolewa kabla sijafungua begi. Na si hukumu ya kipuuzi. Anayeishi kando ya Mlima Meru anajua habari ya floraidi. Miamba ya volkeno ya eneo hili huitoa kwa wingi, na maji yetu mengi ya chini ya ardhi yana bikaboneti ya sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, hali inayoiacha floraidi iendelee kuyeyuka badala ya kugandamana na kalsiamu na kubaki kwenye mwamba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, na yako maeneo ya huku ambako visima vinapita kiasi hicho mara kadhaa. Watu wa Maji ya Chai na Usa River hawahitaji kusomewa takwimu, wanaona meno ya watoto wao. Mwalimu naye aliona ya wajukuu, akanunua simtanki la kukingia mvua, akaamua kuwa maji yasiyofaa kwa mtoto hayawezi kumfaa samaki.

Hapo ndipo kisa kinapoanzia, miezi minne nyuma, wakati wa masika.

Tangi lenyewe ni la lita 200. Samaki ni wa dhahabu, wale wa mikia mirefu, jumla kumi na watatu. Ni wengi mno kwa tangi hilo, na mwalimu nilimwambia hivyo tangu alipolinunua. Kwa miaka miwili lilijazwa maji ya bomba, robo kila wiki, na halikuua samaki hata mmoja. Kuanzia mwezi wa nne robo ile ya kila wiki ikawa maji ya mvua. Juni na Julai samaki wakapunguza kula, wakakaa zaidi chini, rangi ikapauka. Nyumba nzima ikasema ni baridi. Nani angebisha? Julai ya Arusha hata watu hawatoki kitandani upesi. Mwezi wa nane simtanki likafika mkiani, na mwalimu akaagiza tangi lisafishwe vizuri, "libadilishwe nusu, lipate nguvu mpya," kwa maji ya bomba. Mjukuu alifanya kazi kwa adabu zote. Aliyatuliza maji siku mbili ili klorini iondoke, na alipoyakinga bombani aliyapima kwa karatasi za kupimia akapata pH 7.6 (pH ni kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, chini yake maji ni ya tindikali). Aliandika namba hiyo kwenye daftari. Kijana huyu hana kosa lolote katika kisa hiki, na nilimwambia hivyo mbele ya babu yake.

Sasa washukiwa. Klorini naiondoa: maji yalikaa wazi kwenye pipa siku mbili. Baridi ya ghafla pia: pipa lilikuwa nyuzi 19, tangi 21, tofauti ambayo samaki wa dhahabu haimsumbui. Ugonjwa haumalizi samaki tisa kwa usiku mmoja ukawaacha wawili wa beseni wakidai chakula. Na floraidi? Maji ya bomba hilo hilo yaliwatunza samaki hao hao miaka miwili. Ukitaka kuyashtaki kwa vifo vya usiku mmoja, ni lazima kwanza ueleze huruma yao ya miaka miwili.

Kwa hiyo nikapima. Bahati ya pili katika nyumba hii ni kwamba maji yanayotolewa kwenye tangi hayamwagwi, yanawekwa kwenye pipa la kumwagilia mchicha. Nilikuwa na maji ya zamani, maji mapya na mchanganyiko wake, vyote mezani kwa wakati mmoja.

Maji ya pipa la mchicha: pH ikatoa njano iliyokolea, rangi ya mwisho kabisa kwenye kadi yangu, yaani 6.0 au chini ya hapo, kwa sababu kipimo hicho hakioni zaidi. Halafu KH, kipimo cha bikaboneti, ile inayozuia pH isianguke. Hiki unadondosha tone moja moja kwenye kichupa na kuhesabu. Tone la kwanza maji yanatakiwa yawe bluu, yakigeuka njano ndipo unaacha, na idadi ya matone ni digrii. Nilidondosha tone moja, ikatoka njano moja kwa moja. Bluu haikuonekana kabisa. Mjukuu akasema, "Imekwisha?" Nikamwambia imekwisha kweli, na siyo kwenye kichupa tu. Kisha amonia, taka anayoitoa samaki mwenyewe: kijani cheusi kupita mwisho wa kadi. Nikachanganya sampuli nusu kwa nusu na maji ya betri, yale ya kuongezea yanayouzwa sheli (si asidi, msije mkachanganya chupa), nikapima tena, ikaangukia kati ya 4 na 8. Kwa hiyo maji halisi yalikuwa na miligramu 12 hivi kwa lita.

Maji ya bomba yaliyotulia pipani: amonia hakuna, KH 10, na pH 8.4. Siyo 7.6. Maji ya kutoka ardhini hutoka na hewa ya kaboni dayoksaidi iliyobanwa ndani, nayo huishusha pH. Yakikaa wazi, hewa hiyo hutoka na pH hupanda. Kijana alipima vizuri, ila alipima bombani badala ya kupima pipani siku mbili baadaye.

Tangi: KH 5, pH 8.4, amonia 6. Nusu ya kila kitu, kama hesabu inavyotaka, isipokuwa pH, ambayo haifuati hesabu ya nusu kwa nusu. Bikaboneti ya bomba pamoja na pampu ya hewa iliyokuwa ikichemka usiku kucha viliipandisha mpaka juu.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa vipimo hawalielezi vizuri. Kipimo cha kawaida kinajumlisha vitu viwili: amonia yenyewe, ambayo inapenya matamvua ya samaki na kuyaunguza, na amoniamu, ambayo kwa kiasi kikubwa haimdhuru. Inayoamua kipi kiwe kingi ni pH, na joto kidogo. Kwa nyuzi 21, maji ya pH 6.0 yana amonia yenye sumu isiyofika hata asilimia 0.05 ya jumla. Yakifika 8.4, inakuwa karibu asilimia 10. Fanyeni hesabu. Maji ya zamani: 12 mara asilimia hiyo ndogo, unapata kama miligramu 0.005 kwa lita. Maji "masafi" ya Jumapili: 6 mara asilimia 10, unapata 0.6. Jumla ya amonia ilipungua nusu, sumu ikapanda zaidi ya mara mia. Tena ilipanda kwa samaki ambao mwili wao ulishazoea maji ya tindikali kwa miezi, na kuhamishwa ghafla kiasi hicho ni mateso yanayojitegemea.

Ongeza mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi, hivyo maji hushika oksijeni pungufu kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na maji ya joto lile lile huko Tanga. Kwa joto moja, samaki aliyeungua matamvua Tanga ana akiba kubwa ya kupumua kuliko aliyeungua Njiro. Hilo halikuua, ila liliharakisha.

Amonia yote hiyo ilitoka wapi, wakati tangi lilikuwa na filta nzuri yenye miaka miwili? Bakteria wa filta ndio wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, na kazi hiyo inakula bikaboneti. Kwa kila gramu ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza, zinakwenda gramu 7.1 hivi za bikaboneti, ikihesabiwa kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti. Bikaboneti ya tangi ni kibubu: kila siku mkono unaingia kuchota, na kwa nje hakionyeshi kitu mpaka siku unatikisa na hakuna kinacholia. Maji ya bomba yalikuwa yanakijaza kila Jumamosi bila mtu kujua. Maji ya mvua hayana cha kuweka, na kila robo iliyotolewa iliondoka na robo ya kilichobaki.

Niliwaandikia hesabu nyuma ya daftari la kijana. KH 10 kwenye lita 200 ni gramu 36 hivi za bikaboneti kwa kipimo hicho hicho. Samaki walikuwa wanakula gramu 4 kwa siku za chakula chenye protini asilimia 40. Katika protini hiyo naitrojeni ni kama gramu 0.26. Tuchukulie nusu yake inatoka kama amonia: 0.13. Zidisha kwa 7.1, unapata karibu gramu moja ya akiba inayoliwa kila siku. Peke yake ingekaa kama siku arobaini. Ukiondoa na robo ya kila wiki, kufika wiki ya nne au ya tano kibubu ni kitupu. Yaani kabla masika hayajaisha. Baada ya hapo hakuna kinachozuia pH kuanguka. Ikishuka chini ya 6.5 bakteria wanazembea, ikikaribia 6 karibu wanagoma kabisa. Amonia inaanza kujikusanya, lakini pH ile ile iliyowagomesha bakteria ndiyo inayoigeuza kuwa amoniamu isiyoua. Samaki anadhoofika, hafi. Wanasema ni baridi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tangi lile liliuawa Jumamosi. Jumamosi ilifyatua tu kilichotegwa tangu Mei. Siku yoyote ambayo mtu angemimina maji ya bomba kwa wingi, hata kwa nia njema kuliko hiyo, matokeo yangekuwa hayo.

Asubuhi ile tulikuwa na wagonjwa wa aina mbili, na dawa zao zilikuwa kinyume. Kwa wawili wa kwenye tangi, pH ilishapanda na madhara yameshaingia. Kilichobaki ni kupunguza amonia upesi, basi tukatoa nusu nyingine na kuweka maji yaliyobaki pipani, ambayo pH yake ilikuwa ile ile ya tangi. Kuongeza maji ya bomba hapo hakukuwa tena hatari. Mmoja aliinuka kabla ya magharibi, mwenzake hakufika usiku.

Wa beseni ndio waliohitaji akili. Mama wa nyumba alikuwa tayari ameshika kikombe cha maji safi ili "angalau hawa wapone", nikamwomba, "Mama, tafadhali, usimwage kwanza." Maji yao bado yalikuwa na 12 ya amonia, na kikombe cha pH 8.4 kingewafanyia kilichowapata wenzao. Ilibidi tuiondoe amonia kwanza bila kuigusa pH. Dawa yake? Maji ya mvua. Jirani mwenye simtanki la lita 5,000 akatupa ndoo mbili. Tulibadilisha maji ya beseni kidogo kidogo kwa mvua mpaka amonia ikashuka chini ya 1, ndipo tukafunga fundo kwenye mpira wa dripu ya hospitali na kuacha maji ya bomba yadondoke tone kwa tone kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu ya kabati, mpaka kesho yake. Mwalimu alikaa kwenye kiti akiangalia matone kama anasimamia mtihani.

Simu nazo hazikukosekana. Mtu mmoja alishauri siki, mwingine ndimu, ili pH ya tangi ishuke na amonia ikose makali. Kwa karatasi, kemia hiyo iko sahihi. Kwa vitendo, tindikali inakula kwanza bikaboneti, pH inashuka, kaboni dayoksaidi iliyozaliwa inatoka na hewa ya pampu, na baada ya saa chache pH inapanda tena huku akiba imepungua. Unampandisha na kumshusha samaki ambaye tayari matamvua yameungua. Nimeona watu wa Sakina na wa Kijenge wakipigana na pH ya bomba kwa ndimu mwaka mzima. Bomba halichoki.

Msimamo wangu kuhusu maji ya huku ni huu, na najua wapo wasiokubaliana nami: pH 8.2 au 8.4 isiyotikisika ni bora mara nyingi kuliko 7.0 nzuri ya kitabuni inayoyumba. Samaki wa dhahabu anaishi nayo bila shida, na gapi vivyo hivyo. Na kama mtu anataka samaki wanaoyapenda maji haya, hana haja ya kwenda mbali na nchi yake. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9 na bikaboneti nyingi kuliko bomba la Njiro, na sikilidi wake ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaotafutwa sana duniani. Mtu wa Arusha anayehangaika kulainisha maji ili afuge samaki wa Amazoni anajitafutia kazi.

Nikamwambia mwalimu agawe upya: mvua iwe ya wajukuu kunywa, kwa sababu kuchemsha maji ya bomba hakuondoi floraidi, maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Bomba liwe la samaki. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe nilikuwa nawapa wote haki sawa, na haki haikuwa sawa."

Akauliza kama anaweza kuendelea kuchanganya mvua kidogo, maana bomba kwake hukatika siku mbili tatu. Anaweza, ila mvua ipewe akiba kwanza: gramu 3 za bikaboneti ya soda, ile nyeupe ya kuokea, huinua lita 100 kwa digrii moja ya KH. Kufika digrii 6 ni gramu 18, karibu vijiko vya chai vinne, zikorogwe pipani kabla ya kuingia kwenye tangi. Si bekipauda, yenye tindikali ndani, na wala si magadi ya kuchemshia maharage, yenye kaboneti inayorusha pH mbali. Wengine huweka makombe ya pwani kwenye filta. Yanasaidia, lakini huyeyuka polepole na huzidi kuchelewa kadiri pH inavyopanda. Kwa samaki kumi na watatu yasingetosha, kwa watatu waliobaki yanaweza kutosha.

Filta hatukuiosha. Bakteria wake hawakuwa wamekufa wote, walikuwa wamegoma tu, na waliporudishiwa bikaboneti walichukua muda kurudi kazini. Chakula kilipunguzwa mpaka robo, tangi likabadilishwa kiasi kidogo kila siku ya pili, naitraiti ikapanda kidogo katikati ya njia na kushuka. Mwishoni mwa mwezi wa tisa amonia ilikuwa sifuri kwenye kadi, KH 9, pH pale pale 8.3.

Kwenye kalenda ya jikoni kijana amechora safu moja tu, ya KH, inayojazwa kila Jumamosi kabla ya ndoo kuguswa. Ikisoma chini ya 5, wiki hiyo wanabadilisha sehemu ndogo mara tatu. Ikisoma 2 au chini, hawagusi maji mpaka wapime amonia.

Mwalimu anataka kununua samaki sita. Tumekubaliana wawili, na wakae kwanza siku chache kwenye beseni.